Kufuatilia Eksoni Moja ya Jeni ya Msuli: Mwongozo Kamili wa Udhibiti wa Splaisingi Mbadala

Kwa miaka mingi treni ya abiria ya Reli ya Kati ikifika Tabora imekuwa ikikatwa: mabehewa mengine huungwa kwenye kichwa cha kwenda Mwanza, mengine huendelea Kigoma, na mengine hupitia Kaliua kwenda Mpanda. Mtu aliyewahi kusubiri stesheni usiku, akisikia vyuma vikigongana gizani, anajua kuwa kila behewa lina amri yake, na kwamba amri hiyo hutegemea safari ni ya wapi. Mimi hufundisha biolojia hapa Tabora, na kila nikifika kwenye somo la splaisingi huanzia stesheni, kwa kuwa sijapata mfano mwingine ambao vijana wa Tabora na Kigoma wanaushika upesi kiasi hicho. RNA ghafi inayonakiliwa kutoka kwenye jeni ni treni ndefu. Eksoni ni mabehewa yaliyobeba ujumbe wa protini, na introni ni mabehewa ya katikati ambayo lazima yatolewe kabla RNA mjumbe haijatoka kwenye kiini cha seli. Splaisingi ndiyo kazi hiyo ya kukata introni na kuunga eksoni, na inapoitwa mbadala maana yake ni kwamba hata eksoni fulani yaweza kubakizwa au kuachwa, kutegemea seli ni ya kiungo gani na mwili una umri gani. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu behewa lililokatwa Tabora hufika kwingine likiwa zima, ilhali introni iliyokatwa kwa kawaida huvunjwavunjwa mle mle ndani ya kiini.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa chuo, mtaalamu wa maabara au daktari kijana mwenye kompyuta mpakato na intaneti ya kupimia, anayetaka kujua kwa hakika ni nini kinachoamua eksoni ya jeni ya msuli ibaki au iondoke. Nimeona wanafunzi wengi wakianza na majedwali ya maelfu ya eksoni na kuishia na michoro mizuri ambayo hawawezi kueleza hata nukta moja yake. Ushauri wangu ni wa kinyume: chukua eksoni moja, uifuate mpaka mwisho, kisha ndipo uende kwenye ya pili. Tutakayoifuata hapa ni eksoni 5 ya jeni ya TNNT2, inayotengeneza troponini T ya moyo, protini inayosaidia kudhibiti mkazo wa msuli. Katika moyo wa kijusi eksoni hii hubakizwa, na katika moyo wa mtu mzima huachwa.

Kinachodhibitiwa ni nini hasa

Kwamba jeni zimekatikakatika lilikuwa jambo lisilotarajiwa kabisa mwaka 1977, lilipogunduliwa na vikundi vya Phillip Sharp na Richard Roberts, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Leo tunajua kuwa zaidi ya asilimia 90 ya jeni za binadamu zenye eksoni nyingi hutoa zaidi ya aina moja ya RNA mjumbe. Misuli, pamoja na ubongo, imo katika tishu zenye mabadiliko mengi ya namna hii. Sababu yake ni rahisi kuiona. Moyo hauwezi kupumzika, paja lazima livute kwa nguvu kisha lilegee, na ukuta wa utumbo husukuma polepole mchana kutwa, ilhali kazi zote hizo hutumia protini za ukoo mmoja. Jeni ya titini, TTN, inayotengeneza protini ndefu ya msuli inayonyumbuka kama springi, ina eksoni 363, na baada ya kuzaliwa moyo huacha nyingi kati ya zile za sehemu ya kunyumbuka, hivyo titini ndefu na laini ya kijusi hupungua na nafasi yake kuchukuliwa na iliyo fupi na ngumu zaidi.

Anayekata na kuunga ni splaisosomu, mtambo uliojengwa kwa RNA ndogo tano, U1, U2, U4, U5 na U6, pamoja na protini nyingi. Kwanza U1 hujishika mwanzoni mwa introni, ambako karibu daima kuna herufi GU. Karibu na mwisho wa introni kuna herufi A inayoitwa nukta ya tawi, inayokaliwa na protini SF1, na baada yake mfululizo wa U na C unaoshikwa na U2AF, kisha AG ya kumalizia. U2AF ikishatulia, U2 huja kuchukua nafasi ya SF1, na kuanzia hapo mambo huelekea kwenye mikato miwili ambayo huiacha introni ikiwa kitanzi. Tafadhali soma aya hii mara mbili kabla ya kuendelea, kwa sababu sehemu kubwa ya udhibiti tunaoutafuta hutokea katika hatua hizi za mwanzo: kuna protini inayosaidia U1 au U2AF kuiona eksoni, na kuna nyingine inayowazuia wasiione.

Hatua ya kwanza: chagua eksoni na uhesabu urefu wake

Eksoni 5 ya TNNT2 ina nyukliotidi (herufi za RNA) 30. Protini husomwa kwa kodoni, yaani herufi tatu tatu, kila kodoni kwa asidi amino moja. Gawanya kwa 3 upate 10, yaani eksoni hii ikiachwa protini hupoteza asidi amino 10 na sehemu nyingine zote husomeka kama kawaida. Asidi amino hizo zina chaji hasi kwa wingi, na troponini T iliyo nazo huufanya msuli wa moyo wa kijusi kuitikia kalsiamu kwa wepesi zaidi. Sasa linganisha na eksoni 7a ya CLCN1, jeni ya mlango wa kloridi kwenye misuli ya mifupa, yenye nyukliotidi 79. Sabini na tisa haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo eksoni hiyo ikiingizwa, usomaji wote unaofuata huhama na kodoni ya kikomo, ile inayosimamisha usomaji, hujitokeza mapema, na mlango haujengwi. Hesabu hii ya darasa la nne ndiyo ya kwanza kuifanya kila mara, kwa kuwa inakuambia kama unashughulika na swichi ya kubadili umbo la protini au swichi ya kuizima.

Hatua ya pili: pata mfuatano wenyewe

Fungua Ensembl au kivinjari cha jenomu cha UCSC, vyote ni bure, na uchukue eksoni pamoja na nyukliotidi 300 za introni iliyo kabla yake na 300 za introni iliyo baada yake. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni namba: eksoni iitwayo ya 5 katika makala za kisayansi yaweza kuwa na namba nyingine kwenye jedwali la transkripti (nakala ya RNA ya jeni) uliyofungua, hivyo itambue kwa urefu wake na kwa majirani zake. Wa pili ni mwelekeo. TNNT2 iko kwenye kromosomu ya 1, nayo husomwa kwa uzi wa kinyume, kwa hiyo ukinakili herufi jinsi zinavyoonekana kwenye kivinjari bila kuzigeuza utatafuta alama za protini kwenye herufi ambazo hazimo kwenye RNA. Nilipoteza wiki nzima kwa kosa hili, na tangu hapo huanza kwa kuhakikisha naona AG mara tu kabla ya eksoni na GU (ambayo kwenye DNA huandikwa GT) mara tu baada yake. Nisipoziona, sisogei.

Hatua ya tatu: pima nguvu za milango ya eksoni

Milango ya eksoni ni herufi za mpakani, mwanzoni na mwishoni mwake, ambako splaisosomu hukata. Eksoni ambayo daima hubakizwa huwa na milango inayofanana sana na mfuatano wa kawaida, na splaisosomu huiona bila msaada mkubwa. Eksoni inayobadilika mara nyingi ina milango dhaifu, au ni fupi mno, na udhaifu huo ndio unaoipa protini nyingine nafasi ya kuamua. Programu ya MaxEntScan hutoa alama ya nguvu ya kila mlango. Linganisha alama za eksoni yako na za eksoni za jirani ndani ya jeni hiyo hiyo, kwa sababu alama moja ikisimama peke yake haisemi mengi. Eksoni ya nyukliotidi 30 tayari ni fupi sana ukikumbuka kwamba eksoni nyingi za ndani za binadamu zina nyukliotidi zipatazo 120 hadi 150.

Hatua ya nne: tafuta alama za wadhibiti, na uhesabu bahati

Mdhibiti ni protini inayokaa kwenye RNA na kuamua eksoni ibaki au iachwe, na kila mdhibiti wa misuli ana herufi anazozipenda. RBFOX hutafuta UGCAUG. MBNL hutafuta YGCY, ambapo Y ni C au U. CELF hupenda sehemu zenye GU nyingi, PTBP1 hupenda UCUU na mfululizo wa C na U, QKI hutafuta ACUAA, na RBM20, mdhibiti mkuu wa titini, naye hutafuta UCUU. Pamoja na hao kuna protini za SR, ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya eksoni na kuisaidia ibaki, na zile za hnRNP, ambazo mara nyingi huizuia.

Wengi hukosea hapa, nami naomba tukae kidogo. Chukua introni zako mbili, jumla nyukliotidi 600. Mfuatano wa herufi sita kama UGCAUG hutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 4,096, kwa hiyo ndani ya herufi 600 unatarajia 0.15 tu, ukiupata mmoja, tayari ni habari. Lakini YGCY hutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 64, kwa sababu Y ina nafasi 1 kati ya 2 na G na C kila moja ina nafasi 1 kati ya 4. Ndani ya herufi 600 unatarajia kuipata mara 9 hata kama MBNL haijawahi kukanyaga pale. Mwanafunzi mmoja aliniletea orodha ya YGCY kumi na moja akiwa na furaha kubwa, akauliza, “Mwalimu, kama herufi zipo, kwa nini protini isikae?” Nilimwambia azipange kwenye mstari na aone kama zimekusanyika mahali pamoja au zimetawanyika, kwa kuwa MBNL hupendelea alama kadhaa zilizokaribiana na hujali pia jinsi RNA ilivyojikunja. Kisha nilimtuma aangalie kwenye UCSC kama herufi hizo zimehifadhiwa kwa ng'ombe, panya na kuku. Introni kwa kawaida hubadilika haraka katika vizazi, kwa hiyo kipande cha introni kilichobaki vile vile kwa wanyama waliotengana zamani sana huenda kina kazi.

Hatua ya tano: chora ramani, kwa sababu mahali ndipo penye amri

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu katika somo zima, ningefundisha hili. Protini ya splaisingi haina tabia moja ya “kuwasha” au “kuzima”. RBFOX ikikaa kwenye introni iliyo baada ya eksoni, kwa kawaida eksoni hubakizwa, na ikikaa kwenye introni iliyo kabla, eksoni huachwa. MBNL hufuata kanuni hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Chora basi mstari, weka eksoni katikati kama kisanduku, na uweke kila alama mahali pake ukiandika umbali wake kutoka kwenye mlango wa karibu.

Ukifanya hivyo kwa TNNT2 utaona hoja ikijieleza. MBNL hukaa kabla ya eksoni 5, karibu na mwisho wa introni 4, mahali RNA inapojikunja kama pini ya nywele. Inapokaa pale huizuia U2AF kushika mfululizo wake wa C na U, U2 haiji, na eksoni haionekani. CELF hukaa upande wa pili, kwenye introni iliyo baada, na kuisaidia eksoni ibaki. Sasa chora ramani ya eksoni 11 ya INSR, jeni ya kipokezi cha insulini, yenye nyukliotidi 36. Huko MBNL hukaa baada ya eksoni na kuisaidia ibaki, na CELF1 hukaa kabla yake na kusababisha iachwe. Protini ni zile zile mbili, matokeo ni kinyume, na kinachotofautisha ni upande waliokaa. Mtu akikuambia kwamba MBNL “huzuia eksoni”, mwombe akuonyeshe ramani.

Eksoni zinazobadilishana zamu zina jiometri ya aina nyingine. Katika jeni ya tropomiosini, TPM1, misuli laini hutumia eksoni 2a na misuli ya moyo na mifupa hutumia 2b, wala hazikai pamoja. Sababu moja ni kwamba nukta ya tawi ya eksoni 2b iko karibu mno na mlango wa mwisho wa 2a, hata splaisosomu haipati nafasi ya kuziunga hizo mbili. Kisha, ndani ya misuli laini, PTBP1 na washirika wake huikandamiza 2b.

Hatua ya sita: je, mdhibiti yupo kazini?

Alama kwenye RNA ni kiti tu, na sasa lazima ujue nani yupo chumbani. Angalia kwanza wingi wa protini yenyewe. Katika moyo wa panya, tangu kipindi cha kijusi hadi utu uzima, kiasi cha CELF1 hushuka zaidi ya mara 10 huku MBNL1 ikipanda karibu mara 4, na mabadiliko haya mawili pamoja ndiyo yanayoigeuza eksoni 5 kutoka ya kubaki kuwa ya kuachwa. Kushuka kwa CELF1 kwenyewe kuna msimamizi, kwani RNA ndogo za ukoo wa miR-23 husaidia kuipunguza.

Wingi peke yake hautoshi. MBNL1 hujidhibiti kwa splaisingi yake mwenyewe, kwa kuwa eksoni yake ya 5, yenye nyukliotidi 54, huipeleka protini ndani ya kiini, na MBNL1 inapozidi huifanya eksoni hiyo iachwe, hivyo sehemu kubwa zaidi hubaki nje ambako haiwezi kukata wala kuunga chochote. CELF1 nayo huwa imara zaidi inapofosforishwa, yaani kuongezewa fosfati, na kimeng'enya PKC. Kuna pia kasi ya unakili. Splaisingi nyingi hufanyika huku RNA ikiendelea kunakiliwa, na polimerasi, kimeng'enya kinachoinakili, ikienda polepole huipa eksoni dhaifu muda wa kutambuliwa kabla mshindani wake hajatokea. Jeni ya distrofini, DMD, ya protini inayozilinda nyuzi za msuli, yenye urefu wa zaidi ya nyukliotidi milioni 2, huchukua takriban saa 16 kunakiliwa yote, na introni zake za mwanzo huwa zimeshakatwa kabla mwisho wake haujaandikwa.

Tahadhari kuhusu hazina za data. GTEx ina tishu za watu wazima, zikiwemo moyo na misuli ya mifupa, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha hali ya kijusi. Data nyingi za ENCODE za mahali protini zilipokaa kwenye RNA zimetoka kwenye seli za K562 na HepG2, yaani za damu na za ini, si za msuli. VastDB ina majedwali ya asilimia za eksoni yaliyokwisha kukokotolewa kwa tishu nyingi, na kwa mtu anayenunua bando hapa Tabora ndiyo pa kuanzia, kwa sababu faili ghafi za RNA za sampuli moja zaweza kufika gigabaiti kadhaa na umeme ukikatika katikati ya kupakua utaanza upya.

Hatua ya saba: pima asilimia ya kubakizwa

Kipimo kinachotumika ni PSI, yaani asilimia ya RNA mjumbe zilizobakiza eksoni. Ukipata data ya viungo, yaani maungio ya eksoni na eksoni, si viungo vya mwili, utahesabu vipande vilivyosomwa vikivuka kiungo cha kuingia kwenye eksoni, vya kutoka kwenye eksoni, na vya kuiruka. Tuseme umepata 45, 55 na 50. RNA moja iliyobakiza eksoni ina viungo viwili, na iliyoiruka ina kimoja, kwa hiyo chukua wastani wa 45 na 55, ambao ni 50, na PSI ni 50 gawanya kwa 100, yaani asilimia 50. Ukijumlisha tu 45 na 55 utapata asilimia 67, nawe utakuwa umeihesabia eksoni mara mbili. Programu kama rMATS hufanya marekebisho haya zenyewe, lakini fanya kwa mkono angalau mara tatu ili ujue inachofanya. Vipande vikiwa chini ya kumi kwa jumla, usiandike PSI yoyote.

Ukipata nafasi katika maabara yenye mashine ya PCR, ya kuzidisha vipande vya DNA, weka praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kazi hiyo) kwenye eksoni za kudumu zilizo pande zote mbili, kamwe usiweke ndani ya eksoni unayoipima, kwa sababu praima iliyo ndani yake itakuonyesha zilizobakiza peke yake. Kwa TNNT2 kumbuka kwamba eksoni 4, yenye nyukliotidi 15, nayo hubadilika, hivyo waweza kupata mistari minne kwenye jeli, iliyotofautiana kwa nyukliotidi 15 tu. Jeli ya agarosi ya kawaida itakuonyesha mistari iliyoshikana, kwa hiyo tumia poliakrilamidi, na ubuni PCR ya kipande kifupi, chini ya nyukliotidi 200. Kila mara weka sampuli moja isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, ili ujue kama DNA ya jenomu imeingia. PCR pia huelekea kupendelea kipande kifupi, kwa hiyo punguza mizunguko na usome jeli kabla haijafika kikomo.

Kwa mazoezi, sampuli zinapatikana karibu. Machinjioni asubuhi utapata moyo, paja na ukuta wa utumbo wa mbuzi yule yule, yaani aina zote tatu za misuli. Omba ruhusa, kata vipande vyembamba visivyozidi unene wa nusu sentimita ndani ya dakika chache baada ya mnyama kuchinjwa, na uvitumbukize kwenye RNAlater, kimiminika cha kuhifadhi RNA, kilicho mara 5 hadi 10 ya ujazo wa nyama. Humo RNA hukaa salama wiki nzima kwenye joto la nyuzi 25 na mwezi mmoja kwenye friji, muda wa kutosha kabisa kusafirisha sampuli kwa treni hadi Dar es Salaam. Jeni nzuri ya kupima ni TPM1, lakini angalia: eksoni 2a na 2b zina urefu sawa, nyukliotidi 126 kila moja, na jeli peke yake haiwezi kuzitofautisha. Utahitaji kimeng'enya cha kukata DNA kinachotambua mfuatano uliomo ndani ya moja tu kati ya hizo mbili, au upeleke zao la PCR likasomwe herufi kwa herufi. Na utumbo usafishe, uchukue tabaka la msuli peke yake, kwani ngozi yake ya ndani itakuharibia picha.

Hatua ya nane: thibitisha kwa kuvunja

Mpaka hapa una ramani na uwiano, wala huna ushahidi wa kisababishi. Ushahidi huja kwa majaribio mawili yanayoulizana. La kwanza ni kumpunguza mdhibiti. Katika seli za C2C12 za panya, ambazo huacha kugawanyika na kuungana kuwa nyuzi za msuli zikiwekwa kwenye lishe yenye asilimia 2 ya seramu ya farasi, unaizima MBNL1 kwa RNA ndogo ya kuzuia na kupima PSI upya. La pili ni kuvunja kiti. Unaunda jeni ndogo ya majaribio yenye eksoni yako na introni za pande zote mbili, unabadilisha herufi za YGCY bila kugusa milango, kisha unaiingiza kwenye seli. Kama kumpunguza MBNL1 kunarudisha eksoni 5, na kuvunja alama zake kunairudisha pia, na baada ya kuvunja alama kumpunguza MBNL1 hakuongezi lolote, basi MBNL1 inaidhibiti eksoni hiyo moja kwa moja kupitia alama hizo. Sehemu ya tatu ya sentensi hiyo ndiyo inayoachwa mara nyingi, na bila hiyo mtu hawezi kujua kama MBNL1 ilifanya kazi kupitia protini nyingine.

Maumbile yamekwisha kutufanyia jaribio hilo katika ugonjwa wa distrofi ya miotonia aina ya 1, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na kuichelewesha kulegea. Kasoro yake, iliyojulikana mwaka 1992, ni marudio ya CTG katika jeni ya DMPK. Kwa mgonjwa huzidi 50 na yaweza kufika maelfu. RNA yake hubaki ndani ya kiini ikiwa imejaa CUG, na MBNL hunaswa humo kama dagaa kwenye wavu wa Kigoma, ilhali CELF1 huongezeka. Mwaka 1998 kikundi cha Thomas Cooper kilionyesha kwamba splaisingi ya TNNT2 huharibika kwa wagonjwa hawa. Rudi kwenye ramani zako za hatua ya tano nawe utatabiri matokeo bila kufungua kitabu: eksoni 5 ya TNNT2 hubakizwa kama kwa kijusi, na eksoni 11 ya INSR huachwa, hivyo misuli haiitikii insulini vizuri. Eksoni 7a ya CLCN1 huingizwa, mlango wa kloridi hukosekana, na msuli ukikaza hauachii. Daktari akimpa mgonjwa mkono na akaona vidole vinachelewa kufunguka, anaiona splaisingi kwa macho yake.

Hatua ya tisa: hesabu ya tiba

Udhibiti huu waweza kuingiliwa kwa makusudi. Kipande kifupi cha nyukliotidi zilizotengenezwa hulalia alama ya eksoni na kuifanya splaisosomu isiione. Eteplirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa watoto wenye distrofi ya Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa misuli unaotokana na kukosa distrofini, huifanya eksoni 51 ya DMD iachwe, kisha zikafuata golodirsen na viltolarsen kwa eksoni 53, na casimersen kwa eksoni 45. Faida zilizopimwa kwa wagonjwa bado ni za wastani, kwa kuwa distrofini inayorudi ni kidogo na fupi, na mzazi anayeuliza ana haki ya kuambiwa hivyo.

Nani anafaa kwa dawa ipi hujulikana kwa hesabu ile ile ya hatua ya kwanza. Mtoto aliyepoteza eksoni 50 amekosa nyukliotidi 109, ambazo hazigawanyiki kwa 3. Eksoni 51 ina 233. Ikiachwa nayo, jumla ni 342, sawa na kodoni 114 kamili, na usomaji unarudi kwenye mstari. Aliyepoteza 48 hadi 50 amekosa 186, 102 na 109, jumla 397. Ongeza 233 upate 630, yaani kodoni 210. Eksoni 52 ina nyukliotidi 118 na eksoni 53 ina 212. Chukua karatasi, ukokotoe kwa mtoto aliyepoteza eksoni 52 peke yake, nawe utaona kwamba kwake yeye kuruka 51 au kuruka 53, kila moja kwa upande wake, kunatosha.